Dawa Aliyoitambua Mavyaa Wangu

Mama wa mume wangu alikuja kutoka Jambiani kuniangalia, kwa sababu alisikia maumivu yamenilaza tena. Nna ugonjwa wa siko seli tangu utotoni. Yakinishika hunishika mapajani na mgongoni, na hapo sijui nijiweke vipi. Safari ile nililazwa, nikaongezwa damu, na nilipokuwa natolewa nikapewa dawa nisiyowahi kuitumia: kapsuli za rangi mbili, nusu waridi nusu kijani, ndani ya kopo jeupe. Jina lake refu, haidroksiyurea, lilinishinda kulitamka.

Daktari alinieleza mengi, lakini mimi nshavaa buibui, nataka kurudi nyumbani tu. Niliyoyashika ni machache. Nizimeze nzima, nisizifungue. Ninywe maji mengi. Mtu mwengine asizishike kwa mkono mtupu. Nirudi kupimwa damu. Na nisibebe mimba. Hilo la mwisho likanikaa kifuani, mengine yakanipita. Mimi na mume wangu tulikuwa bado hatujajaaliwa mtoto, na kila mwezi tulikuwa tukingoja.

Mavyaa alifika mchana na muhogo na pweza mkavu. Tulipokwisha kula nikatoa kopo, nikadondosha kapsuli moja kwenye kifuniko kama nilivyofundishwa. Akaacha kukusanya sahani.

"Hebu nipe niione."

"Daktari kasema mtu asiishike, mama."

"Nshaishika sana, mwanangu."

Akakaa kitandani. Baba mkwe wangu sikuwahi kumwona. Alifariki kwa saratani ya damu kabla sijaolewa. "Hii ndiyo aliyokuwa akila marehemu," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa nikimpa. Mwisho alikuwa hawezi kumeza, nikawa nazifungua, nnamchanganyia kwenye uji." Kisha akaniangalia machoni. "Kwa nini mmenificha?"

Sikujua nimeficha nini.

Mume wangu hutengeneza viyoyozi kwenye mahoteli ya Kiwengwa. Aliporudi jioni, mama yake alimpokea mlangoni kwa kilio. Mume wangu akatoa simu, akaitafuta dawa ile, akasoma palepale, viatu miguuni.

"Wameandika dawa ya saratani," akasema. Akasoma tena. "Wameandika na siko seli pia."

"Sasa ipi?" nikamuuliza.

"Mimi nitajuaje? Wewe ndiye uliyezungumza na daktari."

Siku zilizofuata nilikuwa kama maiti anayetembea. Mavyaa alimwambia jirani mmoja, na mmoja alitosha. Wanawake wakaja na mabakuli ya supu, wakakaa, wakaniangalia vile anavyoangaliwa mtu anayeagwa. Sikuruhusiwa kufua wala kupika. Kikombe changu na sahani yangu vikatengwa kwenye kona ya jiko. Nilishindwa kuelewa kama mavyaa ananihurumia au ananiogopa. Nikikoga nilikuwa nikijipapasa shingo na kwapa, natafuta uvimbe. Dawa niliendelea kumeza, lakini kila nikimeza nilijiuliza nnatibu nini.

Mwisho mume wangu akasema, "Twendeni sote tukaulize." Tukaenda hospitali, watu watatu tumekaa mbele ya daktari mmoja, mwanamke kijana.

"Shikamoo, mama," akamwamkia mavyaa.

"Marahaba. Mwanangu, huyu ana saratani?"

"Hana."

"Mbona mnampa dawa ya saratani?"

Daktari akavuta kiti karibu. Akasema ni kweli, dawa hii ni kemotherapi ya kumeza. Kwa baadhi ya wagonjwa wa saratani ya damu hupunguza chembe zinazozaliwa kupita kiasi. Kwa mwenye siko seli kazi yake ni nyengine: huufanya mwili utengeneze zaidi ile damu anayokuwa nayo mtoto tumboni, ambayo haijikunji kama mundu na kuziba mishipa. Maumivu hupungua.

"Lakini umesema inapunguza," nikamwambia. "Na mimi damu sina."

"Ndiyo maana tunakupima kila mara. Ikishusha mno, tunaisimamisha. Ukipata homa, usingoje kesho, njoo."

Nikaitikia kwa kichwa kama niliyeelewa. Damu ya mtoto, na mtoto nimekatazwa. Nilielewa neno mojamoja, maneno yakikaa pamoja yananipotea.

Mume wangu akauliza kuhusu vyombo. Daktari akasema tule pamoja, vyombo vioshwe kama kawaida. Anayenisaidia dawa avae glovu, au aidondoshe kwenye kifuniko na anawe mikono. Nikitapika, anayesafisha avae glovu. Na mjamzito asiiguse kabisa. Kapsuli isifunguliwe, unga wake una madhara ukishikwa au ukivutwa kwa pumzi.

Mavyaa akanyanyua mikono yake, akaiangalia. Ni mikono ya mkulima wa mwani, imekakamaa kwa chumvi.

"Na mimi niliyekuwa nikizifungua?"

"Yamepita hayo, mama. Sitaki uishi na khofu. Uliambiwa usifungue?"

"Sikuambiwa. Au niliambiwa, sikusikia." Akaikunja ile mikono. "Na yeye marehemu? Ule uji ulimdhuru?"

"Siwezi kujua, mama. Ugonjwa wake ulikuwa mkubwa."

Tulipofika nyumbani mavyaa akakirudisha kikombe changu kwenye vikombe vya wenzake, akaenda kulala, na asubuhi akarudi Jambiani.

Miezi ikaenda. Kucha zangu zikaingia weusi, lakini maumivu yakaanza kunisahau. Nikapanda ngazi za nyumba yetu bila kupumzika katikati. Kisha kipimo kimoja kikaonyesha chembe nyeupe zimeshuka mno. Daktari akaniambia niiache kwanza, damu ikipanda nianze tena kwa dozi ndogo.

Nilipomweleza mume wangu, uso wake ukafunguka. "Basi sasa si tunaweza kujaribu?"

"Hatuwezi. Kasema mpaka ipite miezi, na kwa mpango wa madaktari. Hata wewe lazima usubiri niwe salama."

"Nimeuliza tu," akasema, akaenda kuwasha feni iliyokuwa tayari inawaka.

Nikampigia simu mavyaa, asije akasikia kwa watu.

"Wamenisimamishia dawa, mama."

"Alhamdulillahi! Umepona?"

"Sijapona."

"Umezidi?"

"Wala sijazidi. Maumivu hayapo. Ni dawa ndiyo imezidi."

Nilisikia kuku wake, na mtu anatwanga.

"Sasa mwanangu, nikuombee nini?"

Nikafikiri. Nikataka kusema dawa irudi, nikataka kusema isirudi, nikataka kusema mtoto.

"Niombee tu, mama," nikamwambia.