Boti ya Baba Yenye Grili

Nyinyi watu, sogeeni hapa, na mwenye anatafuna njugu atafune polepole. Mpaka leo nikisikia komeo ya chuma ikiteleza, krrr-kwa!, mimi nainua miguu juu ya kiti. Mke wangu anadhani nimeona panya. Si panya. Ni boti ya Baba.

Baba yangu alikuwa fundi wa kuchomelea milango na grili pale Suna. Siku moja akanunua boti ya starehe ya kizamani, yenye mzungu fulani aliacha ikioza kando ya ziwa, Karungu. Mbao nyekundu, vyuma za shaba, harufu ya vanishi na popo. Na ndefu! Ukiita mtu kule mbele, sauti inamfikia kesho yake.

Injini ilikuwa imekufa, Baba akaweka ya lori. Hapo hakuna mtu angemcheka: ilinguruma mpaka viboko wakahamia Tanzania. Lakini mkono ya fundi haikutulia. Ndani akaweka kitanda ya futi sita. Akatoboa ubavu ya boti apitishe bomba ya sinki. Madirisha zote, grili, ati mwizi asiingie. Na mlango akaiwekea komeo ya nje, nzito kama mguu ya ng'ombe, akaipaka grisi mpaka ikawa inateleza yenyewe.

Kitu moja tu alitengeneza kwa aibu: benchi huko nyuma, nje ya mlango, na mwavuli ya soko. Hiyo ilikuwa ya Dani, mama ya mama yangu. Kwetu maro, yaani mama mkwe, haingii mahali mkwe wake analala.

Safari ya kwanza tulikuwa tunamrudisha Dani kwake Kisegi. Katikati ya ziwa mvua ikatupiga. Baba, Mama na mimi tukakimbilia ndani, Baba akavuta mlango. Krrr-kwa! Komeo ikajifunga huko nje.

Kwanza tulicheka. Halafu sinki ikaanza kutapika ziwa. Injini ikakohoa, ikazima. Maji ikafika magoti ya Baba, na hiyo ni kiuno yangu. Nikashika grili kama mahabusu. Ziwa yote ilikuwa huru isipokuwa sisi.

"Mama, tufungulie!" Mama akapiga kelele.

"Nifungue chumba ya mkwe wangu? Na kitanda iko hapo?" Dani akajibu chini ya mwavuli. "Uliskia wapi?"

"Tutakufa, maro!"

"Basi toeni kitanda kwanza, ora, mkwe wangu!"

Baba akazama na spana, anafungua kitanda kichwa ikiwa ndani ya maji. Mama na mimi tukapitisha mbao kwa grili, Dani anapokea, anatupa ziwani.

"Na godoro?" Mama akauliza. "Haipiti!"

Dani akafikiria. Maji ilikuwa kwa kifua yangu, yeye anafikiria!

"Godoro bila kitanda ni mkeka," akaamua. Akatugeuzia mgongo, akasukuma komeo na kisigino.

Baba akaziba bomba na mto, mahali kitanda ilikuwa imefunika.

Siku hiyo nilimwona Dani mkaidi kuliko punda. Juzi tu, nikiwa na maro wangu mwenyewe, ndio nimeelewa: angekubali kuingia ndani na sisi, nani angebaki nje afungue?

Tulikaa kwa benchi yake tukikamua nguo. Dani akaangalia maji huku, akaangalia huko, akasema:

"Ora, niulize tu. Huyo mwizi angekimbilia wapi?"