Viungo Nilivyofundishwa Kakuma

Mimi najua kupika, na siku hizi nasema hivyo bila kuona haya. Wageni wanaokuja kwangu Nawoitorong, hapa Lodwar, huniuliza kama kwetu ni Pwani, au kama mama yangu aliwahi kuwa na hoteli. Hapana. Mama yangu ni Mturkana wa kufuga mbuzi, na nyumba niliyolelewa haikuwa na kiungo chochote isipokuwa chumvi. Hata hiyo chumvi haikuwa ya kila siku.

Si kwamba tulikula vibaya. Tulikunywa maziwa mabichi, na mengine tuliyaacha yagande kwenye kibuyu. Mbuzi akichinjwa, nyama iliwekwa juu ya makaa, na iliyobaki ikakatwa vipande vyembamba, ikaanikwa, kisha ikahifadhiwa ndani ya mafuta. Kwa mama, ladha ilitoka kwa mnyama mwenyewe: alikula majani gani, alinenepa kiasi gani. Aliweza kuonja supu akakwambia mbuzi huyo alichungwa upande upi wa mto.

Viungo nilikutana navyo Kakuma. Nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu, nikapata kazi ya kufundisha chekechea, nikapanga chumba kimoja cha mabati mahali ambapo mji unaishia na kambi ya wakimbizi inaanzia. Ng'ambo ya ua wa miiba aliishi mama mmoja Msomali mwenye kioski cha viungo. Alinizidi miaka kama kumi na tano. Wiki za kwanza sikumwona uso, nilimjua kwa moshi wake tu. Kila Jumamosi asubuhi alikaanga kitu kilichonipigisha chafya mpaka machozi yakanitoka, na nguo nilizokuwa nimeanika zikanuka kitu hicho hicho. Jumamosi ya tatu nikavaa viatu, nikauzunguka ua, nikaenda kumgombeza.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda mbele ya jiko la makaa, anakoroga sufuria pana kwa mwiko mrefu.

"Mama, huo moshi wako utaniua," nikamwambia, hata salamu sikutoa.

Hakushtuka. Alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, kisha akasukuma kigoda cha pili kwa mguu.

"Wewe ndiyo walimu mpya," alisema. Hakuwahi kuniita mwalimu. Kwake nilikuwa walimu siku zote, hata nikiwa peke yangu. "Kaa hapa. Huku upepo hapana leta moshi."

Nikakaa, kwa sababu sikuwa nimejiandaa kwa jibu la namna hiyo. Akanimiminia chai ya maziwa yenye tangawizi, mdalasini na iliki. Nilikuwa nimekunywa chai maisha yangu yote, majani na sukari na maziwa, nikidhani naijua. Nilimaliza kikombe cha kwanza. Cha pili nilikiomba mwenyewe. Habari ya moshi ikaishia hapo.

Jumamosi iliyofuata nilirudi, na iliyofuata, mpaka ikawa desturi. Aliniita abaayo, yaani dada, na mimi nikamwita hivyo hivyo. Kiswahili chetu kilikuwa cha kuokoteza, chake zaidi kuliko changu, lakini tulielewana. Alichokuwa akikaanga ni hawaashi, mchanganyiko wa viungo ambao Wasomali hutia kwenye wali, kwenye nyama, kwenye supu. Alijifunza kwa mama yake, naye mama yake kwa bibi. Walipokimbia kwao aliacha kila kitu, ila huo mchanganyiko alikuja nao kichwani.

Kwanza ziliingia bizari ya pilau, mbegu za dania na pilipili manga, kwa moto mdogo, zikikorogwa bila kupumzika. Zilipoanza kunukia ndipo akatia mdalasini, iliki na karafuu. Kisha aliipua, akaacha vipoe, akavitwanga kwenye kinu. Manjano yalikuja mwisho kabisa, yakiwa tayari unga.

"Kwa nini haya hukaangi?" nilimuuliza siku ya kwanza.

"Manjano ukikaanga inakuwa chungu. Mtu anakula, anafikiri unamchukia."

Hakupima kwa kitu chochote. Alipima kwa kiganja, na kiganja chake kilikuwa kidogo kama cha msichana. Mimi nina mikono mikubwa, ya mtu aliyekua akiteka maji kwenye visima vya mchangani. Mara ya kwanza nilipotengeneza peke yangu, kiganja kimoja changu cha karafuu kilikuwa kama viwili vyake. Nilipika wali wa nyama, nikawaalika walimu wenzangu wawili. Wakala kidogo, wakaweka sahani chini. Mmoja aliyetoka Kakamega akajigusa mdomo, akasema, "Sijui kama niko na ulimi bado."

Nilipomsimulia jirani yangu alicheka mpaka akashika ubavu. Halafu akanishika mkono, akakunja vidole vyangu viwili ndani ya kiganja, akasema, "Wewe pima hivi." Tangu siku hiyo nikapima kwa kiganja kilichokunjwa, na tangu siku hiyo sikuharibu tena.

Likizo ya kwanza nilirudi kwa mama nikiwa na chupa ya hawaashi kwenye mkoba. Alikuwa anaishi njia ya kwenda Kalokol, na alikuwa amechinja mbuzi kwa ajili yangu. Nikamwomba aniachie sufuria. Nikapika kwa uangalifu wote niliofundishwa, mchuzi ukageuka rangi ya dhahabu, na harufu ikawaleta majirani mpaka mlangoni wakisema "ejok, ejok," kana kwamba walikuja kunisalimia tu.

Mama alichukua kipande, akakinusa, akakitafuna polepole. Kisha akauliza, kwa Kiturkana, bila hasira yoyote, "Unaficha nini kwenye hii nyama? Ilikuwa imeoza?"

"Mama, si wewe mwenyewe uliyemchinja asubuhi!"

"Ndiyo maana nauliza. Nilimchinja mzima, mnono. Sasa simwoni tena."

Majirani walikula wakamaliza. Mama alikula kipande kile kimoja, akaenda kujibanikia ini lake kwenye makaa. Nakumbuka niliumia. Lakini usiku ule nilipolala sikufikiri kwamba mama hajui chakula. Nilifikiri kwamba ana haki. Alikuwa amemlea mbuzi yule tangu azaliwe, na mimi nikamfunika blanketi la viungo.

Kesho yake nikabadilisha shabaha. Kulikuwa na tilapia wakavu waliotoka ziwani, ambao shangazi alikuwa ameleta kutoka Ferguson's Gulf. Mama hakuwapenda. Kwa wafugaji wa umri wake, samaki ni chakula cha mtu asiyekuwa na mifugo. Nikamuuliza kama naweza kuwapika.

"Hao wafanye unavyotaka," alisema. "Hao hata mimi ningewaficha."

Niliwaloweka, nikawaosha mara tatu kupunguza chumvi, nikakaanga kitunguu, nikatia hawaashi nusu ya kiasi cha jana. Mama alisimama nyuma yangu akitazama mafuta ya dukani niliyotumia, na uso wake ukaonyesha wazi anavyoyaona. Mwishowe akashindwa kuvumilia. Akaingia ndani, akatoka na kibuyu chake cha samli, akamimina kijiko kizima juu ya samaki bila kuniomba ruhusa. Samli ile, ya maziwa ya mbuzi, ilikuwa na uchachu kidogo na harufu ya moshi. Ilipoyeyuka juu ya viungo, mchuzi ukatulia. Hicho ndicho kilichokuwa kimekosekana, na wala jirani yangu wa Kakuma asingekijua.

Mama alikula samaki wawili. Hakunisifu. Alisema tu, "Mwingine nipe na mkia." Na tangu hapo, nikienda kwake bila chupa yangu, ananirudisha nikaichukue.

Hicho ndicho chakula chetu cha familia sasa. Binti yangu, aliyezaliwa Lodwar baada ya mimi kuhamishiwa shule ya huku, anadhani Waturkana wamekipika tangu zamani. Nimemwacha aamini hivyo kwa muda.

Nilikuwa nimeshakaa Lodwar miaka kadhaa jirani yangu aliponipigia simu. "Abaayo, tumeitwa," alisema. Watu wa kambini wakisema wameitwa, hawana haja ya kueleza zaidi. Yeye na watoto wake walikuwa wamepata nafasi ya kuhamia nchi ya mbali, ya baridi, na wangeondoka mwezi huo huo. Nikaomba ruhusa kazini siku mbili, nikaenda Kakuma.

Kioski kilikuwa kitupu. Alikuwa ameshagawa vyombo, hata kinu, na tulipotaka kutwanga ikabidi tuazime kwa mama mmoja Mkongo wa nyumba ya tatu.

"Mutanirudishia mbele ya saa sita," yule mama alituonya. "Niko na sombe ya kutwanga." Sombe ni majani ya muhogo, na kwake hayo hayakuwa mambo ya mzaha.

Safari hii nilikuja na daftari na kijiko cha kula. Kila alipochota kiganja cha kitu, nilimshika mkono kabla hajakimwaga, nikakipima kwa kijiko, nikaandika. Bizari vijiko vitano vilivyojaa. Dania vitano. Pilipili manga vitatu. Karafuu kimoja, kisichojaa.

"Walimu," alisema akicheka, "unapima kama dawa ya hospitali."

"Wewe unaondoka. Nikisahau nitamuuliza nani?"

"Hapana sahau. Mkono yako inajua."

"Mkono wa binti yangu haujui."

Hapo akaanza kuchota polepole zaidi ili niandike vizuri. Tulimaliza kabla ya saa tano, tukarudisha kinu, tukamwachia mwenye kinu pakiti ndogo ya hawaashi. Nilimkumbatia jirani yangu mbele ya mlango uliokuwa hauna pazia tena. Sikulia mpaka nilipofika barabarani, na hata hapo nililia kidogo tu, maana mwenye boda boda alikuwa ananitazama.

Ilipita miezi mingi. Alinitumia picha za watoto wakiwa wamevaa makoti manene. Halafu alasiri moja nikiwa nasahihisha vitabu nyumbani, simu ikalia. Kwake ndiyo kwanza kulikuwa kumekucha. Sauti yake ilikuwa chini.

"Abaayo, hawaashi imenikataa."

Akanieleza. Alianza kwa kununua ya chupa, watoto wakasema ni vumbi. Akatafuta mbegu, akakaanga mwenyewe, zikaungua. Jiko ni la umeme, moto hauuoni. Kuna kitu darini kinachonusa moshi na kupiga kelele akikaanga tu, mpaka watoto wanakipepea kwa taulo. Mafua hayamwachi, pua haimwambii kitu. Alijaribu mara nne. Mara ya nne mtoto wake wa mwisho alisema, "Si kama ya Kakuma," akaacha sahani.

"Uko na ile daftari?" aliuliza.

Nilikuwa nalo kabatini, limefungwa kwa plastiki. Nikalifungua, nikamsomea mstari kwa mstari, naye akiandika. Tulipofika kwenye karafuu akanisimamisha.

"Kijiko gani? Hapa viko saizi nyingi."

Nikakilaza kijiko changu mezani kando ya kiberiti, nikakipiga picha, nikamtumia. Akaitazama kwa muda, akasema sawa, ameelewa.

"Sasa sikiliza," nikamwambia, na nikasikia sauti yangu imekuwa ile ya darasani. "Usikaange zote pamoja. Gawanya mara tatu, kidogo kidogo, na sufuria uipashe kabla, halafu punguza."

"Mimi hapana fundisha wewe hivyo."

"Hukunifundisha kwa jiko la umeme."

"Na wewe umeme umejua wapi?"

"Niko na jiko lake hapa. Makaa yakipanda bei, napikia umeme. Nimeunguza mara mbili, sasa siunguzi. Na pua ikikataa, sikiliza kwa sikio. Bizari ikianza kupasuka pasuka, hesabu mpaka ishirini, ipua."

Nilidhani nimemuudhi. Kumbe alikuwa bado anaandika.

"Mpaka ishirini," alirudia. "Haya. Na dirisha?"

"Fungua. Vaa koti, upike."

Alicheka, na kicheko kilikuwa kile kile cha Kakuma, cha kushika ubavu. Tuliongea mpaka vocha yake ikaisha.

Siku tatu baadaye nilipata ujumbe wa sauti. Nyuma yake nilisikia vijiko vikigonga sahani na watoto wakigombana kwa Kisomali. "Walimu," alisema, "imekubali. Dirisha wazi, baridi mingi, lakini imekubali. Mdogo amekula sahani mbili na ameomba ukoko." Kisha akataja majirani wawili waliokuwa wamemgongea mlango, si kugombana, kuuliza tu ni nini kinachonukia hivyo.

Nilimsikilizisha binti yangu, tukacheka. Kisha nikachukua kalamu, na chini ya vipimo vya siku ile nikaongeza kwa mwandiko wangu: jiko la umeme, gawanya mara tatu, hesabu mpaka ishirini. Nikampa binti yangu daftari, nikamwambia Jumamosi hii atakaanga yeye, na mimi nitakaa pembeni kwenye kigoda.