Ziwa Lenye Wivu

Nilipokuwa mtoto huko Masisi, ukoo wetu mzima ulijua kukamua ng'ombe na hakuna hata mmoja aliyejua kuogelea. Basi shangazi Furaha, milima yote hii ikiwa imejaa vijana, akaenda kupendana na mtu wa Idjwi, kisiwani, katikati ya Ziwa Kivu!

Siku ya kumpeleka arusini tulishuka hadi ufukweni na nguo zetu za Pasaka, vibuyu vya maziwa na fromaji, jibini ya kwetu, za kutosha kuzamisha boti bila msaada wetu. Kabla hatujapanda, Koko, nyanya yangu aliyewazaa baba na shangazi, akatukusanya. Akasema ziwa ni mwami, yaani mfalme, tena mwami mwenye wivu. Ukiwa juu yake, usisimame kumheshimu mtu mwingine, maana litakuvuta ulisalimie lenyewe kwanza. Baba, ambaye alikuwa shemasi, akamwambia hayo ni mambo ya wapagani. Koko akajibu kwamba hata Yesu alikuwa amelala botini, hakusimama mpaka walipomsumbua.

Tukavuka. Nilitapika kwa furaha, kisha nikatapika kwa mawimbi. Na hatimaye, bandari! Ngoma, vigelegele, watu tele! Mbele yao alisimama baba wa bwana arusi, mrefu kama mkaratusi. Akavua kofia, akasema, "Karibuni, bakwe zangu."

Kwetu, mukwe akikusalimia nawe ukabaki umekaa, ni kama umemtemea mate. Ndoa zimevunjika kwa makosa madogo kuliko hilo. Kwa hiyo ukoo mzima ukasimama kama kanisani, na ili kila mtu aonekane amesimama, wote wakasogea upande wa bandari. Mimi pia nikainuka. Koko akanishika mkanda, akanikalisha.

Baba, huku akimchekea mukwe, alinong'ona kupitia meno. "Mama, simama. Unaharibu ndoa ya Furaha."

"Ndoa bila bibi arusi iko ya nini?" Koko akasema. "Njo maana nimekaa."

Nikaona tabasamu la papa mukwe, yule baba wa bwana arusi, linakauka. Shangazi alimtazama mama yake, machozi yakimlengalenga.

Ndipo boti ikalala. Ililala kama ng'ombe anavyolala, taratibu kwanza, halafu yote kwa pamoja, na ukoo wangu ukateleza majini mikono ikiwa bado juu kwa salamu. Koko alishika ubao kwa mkono mmoja na mimi kwa mwingine. Boti, ikishapakua bakwe, ikanyooka.

Mahali pale maji yalimfika mtu mzima kifuani, lakini gauni la shangazi lilikunywa maji likamvuta chini. Papa mukwe akatupa kofia, akaruka na suti yake, akamwibua akiwa anakohoa. Wanaume wa bandarini wakawavuta waliobaki, wakaikokota boti hadi mchangani, na hakufa mtu. Ngoma hazikunyamaza, nafikiri wapigaji walidhani watu wa milimani husalimia hivyo.

Papa mukwe akaja akichuruzika maji, akasimama mbele ya Koko. Koko akashuka polepole, akakanyaga mchanga, akasimama wima, akampa mikono yote miwili.

"Sasa njo ninakusalimia, Papa. Kule nilikuwa kwa mwingine."

Mzee akacheka mpaka akashika magoti. Furaha aliolewa siku ile ile, kwa gauni la kuazima.

Leo najua kwamba ni uzito tu: watu wakisimama wote upande mmoja, boti hupinduka. Bado tunasikia habari za boti zilizozama bandari ikionekana, abiria wamesimama wakiwapungia ndugu zao, na huko maji hayakuishia kifuani. Hapo mzaha wangu huisha. Lakini siku ile Koko angeniambia habari za uzito, ningesimama, maana mtoto haogopi uzito. Wivu niliujua vizuri. Nyumbani kulikuwa na mdogo wangu mchanga. Nadhani Koko aliyajua yote mawili, akachagua lile ambalo mtoto angelitii.