Ndara Zilizogeuka

Msusi alikuwa na mkono mwepesi na ulimi usiotulia. Alisuka vichwa sebuleni kwake. Wateja wakipungua, aliandika hadithi za kutisha, za mambo ya ndani ya nyumba. Redio ilikwishamrudishia mbili.

"Hazitishi," mtayarishaji wa vipindi alimwambia. "Lete ya mwisho Ijumaa. Ikigoma, basi tena."

Ijumaa ikafika. Asubuhi alimketisha wifi yake, dada wa mumewe, akawa anamsuka huku anamsimulia.

"Mara likatokea zimwi, meno kama misumeno, damu inachuruzika..."

Wifi akacheka mpaka kichwa kikamponyoka Msusi mikononi. "Zimwi hilo mwanangu atalituma dukani!"

"Tulia, nitakuchoma na kitana."

Msusi akagawa fungu jingine la nywele. Kilichowahi kumtisha yeye hakikuwa na meno. Wiki ile walipomzika mama yake, alisikia kiti cha jikoni kikivutwa, kwa mlio ule ule wa mama akikaa kula. Alikuwa paka tu. Lakini ile dakika kabla hajamwona paka!

Zimwi akalifukuza hadithini. Akaanza upya.

"Mwanamke anaishi peke yake. Ndara zake huzivua mlangoni, zikitazama nje. Siku moja akazikuta zinatazama ndani."

"Kazigeuza mwenyewe, kasahau."

"Huenda. Akazirudisha. Kulipokucha, ziko kando ya kitanda."

Chini ya vidole vyake, shingo ya wifi ikakakamaa. Mdomo hudanganya, shingo haiwezi. Toka hapo Msusi akasimulia kwa kufuata vidole: shingo ikilegea, anafupisha maneno, ikikaza, anakawia.

"Nani anazisogeza?"

"Sijui."

"Hujui nini wewe? Si hadithi yako?"

"Nikikwambia utapumua, wifi."

"Mbaya wewe! Haya, endelea."

Mchana akaenda redioni. Mtayarishaji alisikiliza amekunja mikono, uso mkavu. Hadithi haijafika mwisho, akainuka, akausukuma mlango wa kabati uliokuwa wazi kidogo nyuma yake. Akauhakikisha umefunga. Akarudi kukaa, haya zimemjaa.

"Unacheka nini?"

"Sijacheka, kaka."

"Twende tukarekodi. Nyingine unazo?"

"Ninazo, kaka. Nyumba ni kubwa, mimi hata chumbani sijatoka."