Docta wa telephone

Leo nimetibia muzee moja kwa telephone, na mimi si docta.

Asubui nilipeleka dossier yangu ya kujiandikisha ku faculté ya médecine. Nilisoma biologie médicale miaka tatu, juu bote balisema ni mulango ya kuingilia udocta.

Secrétaire akafunga dossier: "Hii inapeleka mutu ku labo tu. Ukitaka médecine, anza tena première année, mwaka wa kwanza."

Niko na miaka makumi mbili na saba.

Mbele nitoke ata ku portail ya faculté, papa akapiga telephone toka kwetu Mahagi, bazee wa kanisa banasikiliza.

"Docta, huyu muzee muguu yake inavimba."

Nilifungua kinywa niseme kweli.

"Muzee, punguza chumvi."

Bakanibariki bote. Sasa muzee amenitumia kuku, iko njiani na motari, mutu wa pikipiki.

Bandugu, munishauri. Hiyo kuku nitaikula aje?