Sauti ya Kwanza Ilikuwa Yangu

Kwa miezi mitatu mwalimu wangu alinipa sauti moja tu ya kupuliza. Si wimbo, si hata nusu ya wimbo. Sauti moja, ndefu, mpaka pumzi iishe, halafu tena. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mtoto wa wakulima wa upande wa Ipole, na mwanamke wa kwanza kuomba kuingia bendi ya matarumbeta ya kanisa letu. Mwalimu alikuwa fundi baiskeli siku za kazi, kiongozi wa bendi siku za ibada. Hakunikataa. Alinipa tarumbeta kuukuu lililobonyea ubavuni, akasema, "Sauti hii ikinyooka, ndipo uje kuomba ya pili."

Nilimchukia. Ulikuwa msimu wa tumbaku, na kila asubuhi kabla ya kwenda kuchuma majani nilisimama nyuma ya bani tunamokaushia, nikapuliza nimeelekea msituni. Mama alisema ng'ombe wa jirani analia vizuri kuliko mimi. Mdomo ulivimba, ukapasuka, ukapona, ukapasuka tena. Siku niliyoruka zoezi, mwalimu alijua. Alisikiliza pumzi mbili tu, akarudi kwenye gurudumu alilokuwa akitengeneza.

"Jana hukupuliza."

"Nilikuwa nafunga tumbaku, Mwalimu."

"Tumbaku haikuomba kuingia kwenye bendi."

Mwezi wa nne akanipa sauti ya pili. Baada ya miaka mitano hakukuwa na mtu wa kunifikia katika bendi ile, na mwalimu mwenyewe ndiye aliyenikabidhi sauti ya kwanza, ile inayobeba wimbo. Watu wakaanza kusema Mungu kanijalia kipaji. Neno hilo lilinichemsha damu. Mungu namshukuru kwa mapafu. Lakini asubuhi zile nyuma ya bani, na homa, na mvua, na midomo inayotoa damu, mlikuwa wapi nyinyi mnaosema ni kipaji? Mtu akikuambia una kipaji, mara nyingi anafuta jasho lako kwa neno moja, kisha anajisamehe yeye kwa kutojaribu.

Basi likaja kusanyiko kubwa mjini Tabora. Tulifanya mazoezi wiki sita. Asubuhi yenyewe, tumeshashuka kwenye lori na kuvaa sare, mwenyekiti wa bendi akaniita pembeni. Mwalimu alikuwa amesimama hatua tatu kutoka pale.

"Dada, leo utapiga sauti ya pili. Ya kwanza atapiga mpwa wangu. Amefika jana kutoka Dar."

"Amefanya mazoezi na nani?"

"Yule alianza kupuliza kabla yako. Halafu mbele ya wageni, mwanamke kuvimbisha mashavu, haipendezi."

Nilimtazama mwalimu. Alikuwa anafuta tarumbeta lake kwa kitambaa. Lilikuwa safi tayari. Aliendelea kulifuta.

Ubeti wa kwanza yule mpwa aliumudu. Wa pili akaanza kuhema. Wa tatu, pale wimbo unapopanda, sauti yake ikakatika kama kamba mbovu ya kisima. Nitasema kweli: nilitaka wimbo ufe pale pale, mbele ya wageni wote, mwenyekiti aone. Lakini mdomo wangu uliidaka sauti ya kwanza kabla moyo haujamaliza kukasirika. Ndivyo mazoezi yanavyomfanya mtu. Hayakuulizi unampenda nani. Nikaubeba wimbo nikiwa mstari wa nyuma mpaka mwisho, na waumini hawakujua lolote. Tulipotoka nje walimzunguka yule mpwa, wakamshika mkono. "Kijana ana kipaji huyu!" Naye akapokea. Akatabasamu, akapokea!

Tulipofika kijijini nilimfuata mwalimu kwenye kibanda chake cha baiskeli.

"Kwa nini ulinyamaza?"

"Ningesema, wangeniondoa."

"Na mimi je?"

"Wewe unajua kupuliza, binti. Popote utapuliza."

Alidhani amenisifu. Alinifundisha kutoruka hata siku moja, yeye akaruka siku moja iliyohitajika.

Nililirudisha tarumbeta la kanisa. Siku tisa sikupuliza kitu. Ya kumi kaka yangu anayeishi mjini akaniletea jingine, lililotumika. Nikajaribu. Sauti ilitetemeka kama ya mtoto. Nililia, na si kwa huzuni. Kazi ya miaka mitano inaanza kuoza kwa siku tisa, na mwenyekiti hakupoteza hata usingizi. Kesho yake nilirudi nyuma ya bani. Sikuwa nimemsamehe mtu. Nilikataa tu wasinichukulie na mdomo.

Miaka miwili baadaye mwenyekiti alikuja nyumbani kunirudisha kwenye bendi. Nikamwambia nitarudi akieleza mbele ya wote kwa nini aliniondoa kwenye sauti ya kwanza.

"Yaliyopita si ndwele," akasema.

"Anayeugua ni mimi, wewe utajuaje kama si ndwele?"

Aliondoka bila kunywa hata maji. Nikakusanya wanawake, mmoja wa Ulyankulu, wawili wa Sikonge, baadaye wengine, tukawa sita. Tunapiga harusini na misibani. Kila anayeingia namwambia kwa nini namchosha, jambo ambalo mimi sikuwahi kuambiwa. Mwalimu tukikutana njiani namwamkia, "Shikamoo," anaitikia, "Marahaba," tunapishana. Nyumbani kwake sijakanyaga tena.

Mwezi uliopita tulikuwa harusini Ntalikwa. Mjomba wa bibi harusi akaja kuomba binti wa kundi letu anayepiga sauti ya kwanza akae pembeni, ili rafiki yake yeye mjomba apige ule wimbo mmoja wa kuingilia, mradi picha zipendeze.

"Huyu amefanya mazoezi mwaka mzima," nikasema, kwa sauti, watu wasikie. "Akikaa pembeni, sote tunafunga vyombo."

Akacheka, akidhani natania. Tukaanza kufunga vyombo. Alipoona masanduku yanafungwa kweli, akanyoosha mikono juu, akaondoka.

Binti akapiga. Katikati ya ubeti wa pili aliteleza, akanitazama mimi. Sikumsaidia. Akavuta pumzi, akaokota wimbo wake mwenyewe, akaenda nao mpaka maharusi wakaketi. Tukala pilau, tukapanda gari. Njia nzima wenzangu waliimba. Mimi sikuimba, kwa sababu bado nilikuwa na hasira ya siku ile ya Tabora, na nilikuwa nimechoka kuambiwa na watu kwamba ilipasa niwe nimeshaiacha.