Shamba Tulilokula

Mwaka jana nilirudi Likasi, mji wetu wa migodi, nikapita mtaa wa Kikula kuitafuta nyumba tuliyokulia. Bati wamebadilisha, rangi nayo siyo ile. Lakini nilichokitafuta hasa, rafiki yangu, ni shimo.

Nyuma ya jiko palikuwa na shamba la Nkambo, ndivyo tulivyomwita bibi. Miaka ya tisini, mshahara wa baba ulipokatika mgodini, tukaanza kulichimba. Chini kulikuwa na changarawe safi, na wajenzi waliitaka. Nkambo alichimba, mama akachekecha, sisi watoto tukabeba kwa beseni. Koleo lililia krr, krr tangu asubuhi, jioni tukasonga bukari, ugali wetu. Changarawe ikaisha. Shimo jekundu likabaki, na mvua ya kwanza tu ikaanza kumega ardhi kuelekea ukuta wa jiko.

Siku hizo kiberiti kilikuwa anasa, majirani wakija kwetu kuomba kaa la moto. Nkambo akawawekea sharti: "Unakuya kuomba moto? Kesho uniletee majivu." Majivu yakaja, na maganda ya muhogo, na majani makavu. Udongo wa kichuguu tuliubeba wenyewe kichwani, shingo zikituuma. Tulinung'unika, loo! Yeye alicheka tu, akamwaga shimoni, akakanyaga.

Kisha maneno yakazuka kwamba sisi wenye asili ya jimbo la Kasai turudi kwetu. Mimi kwetu nilikokujua ni Kikula tu. Watu wakauza vitanda, wakauza sufuria, wakingoja treni ya kuwaondoa. Nkambo alikuwa nyuma ya jiko, pale shimo lilipokwisha kujaa, akichomeka vikonyo vya kalembula, yale matembele tuliyoyapenda. Jirani akashika kiuno.

"Mama, weye unapandia nani? Treni inakuya!"

"Miye niliikula hii shamba," akajibu bila kuinuka. "Siwezi kuiacha na njaa yake."

Tuliondoka vikonyo bado vimelala kwa jua. Huko Kasai, kila mgeni aliyetoka Likasi Nkambo alimuuliza kama kalembula yake ilishika. Nani angejua? Alikufa akiuliza, na hilo liliniuma miaka yote.

Mwenye nyumba wa sasa, mama mmoja mchangamfu, alinikalisha jikoni akanipakulia bukari na mboga ya majani.

"Hii kalembula tuliikuta," akasema. "Iko hapo nyuma toka zamani. Hatujue nani alipanda."

Nilikula huku machozi yakinitoka, wala sikuona haya. Ilishika, Nkambo. Ilishika, na sikuwa na wa kumpelekea habari.